Baba yake babu: askari wa Mjerumani, keya, au marehemu wa 1918? Kila karatasi inasema lake

Kitukuu wa Unyanyembe

Wakuu habarini za leo. Nina jambo limenikaba muda mrefu sasa naomba wenye uzoefu wa kufuatilia historia za familia hasa za askari wa zamani mnisaidie. Itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie.

Namtafuta baba yake babu yangu mzaa baba. Sisi asili yetu Tabora, Wanyamwezi. Huyu mzee alifariki kabla ya uhuru na mimi nilichonacho ni vipande vipande tu ambavyo havikai pamoja, yaani ukiamini kimoja inabidi ukikane kingine.

Nyumbani anaitwa Hamisi bin S. (jina la baba yake nalificha kwa heshima ya familia). Bibi yangu, mke wa marehemu babu, sasa hivi umri umeenda sana lakini akili iko sawa kabisa, yeye anasema mkwewe alikuwa askari wa Mjerumani na kijiji kizima walimwita Shaushi mpaka anakufa, hata watoto wadogo walikuwa hawalijui jina lingine. Anasema pia kwamba vita vilipoisha ilishawekwa matanga nyumbani kwao.

Shangazi mkubwa, dada yake baba, yeye ukimwambia habari za Mjerumani anakasirika. Anasema babu yake alikuwa keya, yaani askari wa K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki), alipigania Mwingereza, alienda mpaka Burma, na ushahidi anao. Huo ushahidi sijawahi kuuona kwa macho, ameuweka kwenye sanduku lake na sanduku lenyewe halifunguliwi hovyo.

Mimi mwenyewe nina medali moja niliyoachiwa na baba. Ni ya duara, ya fedha naona, imekuwa nyeusi. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme, upande wa pili kuna mtu hana nguo amepanda farasi na imeandikwa 1914 na 1918. Utepe wake haupo.

Halafu mwaka jana nikaenda parokia aliyobatizwa babu, ni misheni ya zamani ya White Fathers, wale mapadri wamisionari wa Kikatoliki. Katekista akanisaidia, tukakuta jina la babu kwenye rejista ya 1937, alibatizwa akiwa kijana mwanafunzi wa hapohapo, imekadiriwa kazaliwa 1923. Ila kwenye sehemu ya baba haijaandikwa Hamisi wala S., imeandikwa Kulwa! Kulwa peke yake, na pembeni kuna neno la Kilatini la kuonyesha ni Mwislamu. Kijiji kilichoandikwa pale pia hakuna anayekijua leo.

Na la mwisho ndo limenichanganya kabisa. Nimeingia kwenye tovuti ya CWGC, ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, nikaandika jina, nikamkuta Hamisi bin S. wa K.A.R. amekufa 1918. Sasa kama alikufa 1918 babu yangu aliyezaliwa 1923 ni mtoto wa nani?

Baba yangu alikufa bila kulipata jibu la hili swali na lilikuwa linamuuma. Naomba mnisaidie nianzie wapi, na kipi nikiamini na kipi nikiache.

Mzee wa Medali

Kitukuu karibu sana. Kwanza pole kwa kuondokewa na mzee. Pili usikiache chochote kwa sasa, acha kila karatasi isimame kwa miguu yake.

Naanza na hiyo medali maana ndo kitu unacho mkononi. Kwa maelezo yako hiyo ni medali ya vita ya Uingereza ya 1914 mpaka 1918, mfalme ni George V, na huyo aliyepanda farasi anakanyaga ngao yenye tai, ukiangalia vizuri chini utaona na fuvu. Medali za vita kuu ya kwanza zilikuwa zinagongwa herufi kwenye ukingo, ule upana mwembamba wa pembeni unaozunguka. Sio upande wa mfalme, sio upande wa farasi, UKINGO. Pale huwa kuna namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Ichukue uende nayo nje kwenye mwanga wa asubuhi, iinamishe taratibu huku unaizungusha, herufi zitajitokeza kwa kivuli. Ukiwa na simu piga picha nyingi nyingi kila sehemu ya ukingo.

Na nakuomba usiisugue. Usitie majivu, usitie dawa ya meno, usitie ndimu. Nimeona watu wanazing'arisha ili zipendeze sebuleni na zile herufi zinalika, na herufi zikishaondoka hakuna mahali pa kwenda kuziomba tena.

Namba ni muhimu kuliko jina. Kina Hamisi, Juma na Saidi kwenye jeshi lile walikuwa wengi mno na karani aliandika alivyosikia, lakini namba ya kikosi ilikuwa ya mtu mmoja. Huyo wa CWGC naye atakuwa na namba kwenye ukurasa wake. Linganisha hizo mbili kabla hujafanya kitu kingine chochote.

Sasa kuhusu Mjerumani na keya. Ndugu yangu hapo wala hamna ugomvi. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, na Wajerumani waliporudi nyuma kuelekea kusini askari wao wengi walikataa kuzidi kwenda mbali na kwao, wengine walitekwa, wengine walibaki tu. Mwaka 1917 Mwingereza akaunda 6 K.A.R., na wengi wa askari wake wa mwanzo walikuwa ni hawahawa waliokuwa wa Mjerumani. Walishajua bunduki, walishajua gwaride, na walikuwa wanaijua nchi. Kwa hiyo mtu mmoja kuanza vita upande huu akamaliza upande ule ni jambo lililotokea kwa watu wengi. Bibi anaweza kuwa sahihi na shangazi naye akawa sahihi, kwa sehemu hiyo.

Hilo jina la Shaushi nalo lina uzito sana kwangu. Jeshi la Mjerumani huku lilikuwa na vyeo vyenye asili ya Kituruki, ombasha, shaushi, betshaushi, sol, efendi. Shaushi ni kama sajini. Keya wakati wa vita ile walitumia koplo na sajini, ingawa Wanubi wa Uganda walikuja na vyeo vya Kisudani tangu mwanzo kwa hiyo sisemi ni asilimia mia. Lakini Mnyamwezi wa Tabora kuitwa Shaushi mpaka kaburini, mimi ningeweka dau kwa Mjerumani.

Burma siizungumzii mpaka nione kilichomo kwenye sanduku la shangazi.

Mama Tuntu

Samahani nadandia. Mzee wa Medali umeelezea vizuri ila naomba tusiharakishe kumfanya awe mtu mmoja. Hivi mmefanya hesabu? Kama 1914 alishakuwa shaushi basi hakuwa mtoto, tuseme alikuwa na miaka 22 au 25, maana hicho cheo hakupewa mtu aliyeingia jana. Burma ni 1944, vita kuu ya pili. Hapo anakuwa na miaka 50 na kitu. Ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw kwa miguu kwenye matope ya masika, malaria kila kona, ikavuka mto Chindwin Desemba 1944. Mzee wa miaka 50 angebeba mzigo na bunduki kule? Inawezekana akawa mpishi au kazi nyingine nyuma ila mimi sishawishiki.

Kitukuu muulize shangazi kwa upole, usimwambie amekosea. Mwambie "shangazi naomba unionyeshe vitu vya babu nivipige picha visije vikapotea". Mtu mzima ukimbishia anafunga sanduku, ukimwomba akufundishe anakutolea mpaka ambavyo hukuuliza. Na muulize babu yako alikuwa na kaka? Familia nyingi kumbukumbu za baba na mtoto wake zinaungana zinakuwa za mtu mmoja, hasa kama wote walivaa sare na mmoja wao hakuacha watoto wa kumsimulia.

Mutua wa Masaku

Hamjambo watu wa Tanzania. Mimi niko Kenya, nimefuatilia babu yangu ambaye alikuwa Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, kwa hivyo naweza sema kidogo juu ya upande huo.

Kitukuu, usishangae hiyo jina ya CWGC. Kwa wale Waafrika walikufa hiyo vita, kuwa na jina kwa ukurasa ni bahati. CWGC wenyewe walitoa ripoti 2021 wakakubali kwamba Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wapagazi. Ukienda Nairobi, Mombasa ama hapo kwenu Dar utaona sanamu za askari za miaka ya 1920, za shaba, nzuri sana, lakini tafuta jina la mtu hata mmoja wa kwetu hapo chini, hakuna. Hiyo kitu huniuma mpaka leo.

Kwetu wapagazi waliandikwa namba na kuchukuliwa alama za vidole, Oscar Watkins ndiye alisimamia hiyo idara, na baada ya vita serikali ikaleta kipande kwa wanaume wote, kile cha kuvaa shingoni kwa kikebe cha chuma. Kipande kilisaidia sisi sana kwa familia kwa sababu kilikuwa kimehifadhiwa, kina jina na kabila na mahali mtu ametoka. Tanganyika najua mambo yalikuwa tofauti, lakini uliza kama kuna cheti chochote cha kodi ama cha kazi ambacho wazee walihifadhi. Karatasi za kodi watu hawakutupa kwa sababu ya kuogopa askari wa bwana shauri.

Na kitu moja zaidi. Wakati wazee wanasema "alienda vita na Mjerumani" msikimbilie kufikiria ni askari mwenye bunduki. Kwa mmoja aliyebeba bunduki kulikuwa na wengi waliobeba masanduku, na watu wenu wa Unyamwezi walikuwa wapagazi hodari hata kabla ya Mzungu. Pia kulikuwa na rugaruga, wapiganaji wa kienyeji wasio askari wa kawaida. Familia ikishasimulia mara nyingi wote wanakuwa askari.

Kitukuu wa Unyanyembe

Nashukuruni sana sana, sikutegemea. Nimerudi na majibu kadhaa.

Medali: nimefanya kama Mzee wa Medali alivyosema, asubuhi jua likiwa chini. HERUFI ZIPO. Miaka yote nimekaa na kitu hiki kwenye droo sikuwahi kugeuza ukingo. Kuna namba, halafu PTE (private, askari wa kawaida), halafu HAMISI, halafu jina la pili ambalo ni lile la baba yake S. ila limeandikwa vingine kidogo, herufi moja imebadilika na nyingine imeongezwa mwishoni, halafu kuna K.A.R. Mbele ya K.A.R. naona kama kulikuwa na tarakimu ila ukingo umesagika hapo siwezi kuapa kwamba ni 6.

Nimelinganisha na yule wa CWGC. Namba SIO MOJA. Haifanani hata kidogo. Kwa hiyo yule aliyekufa 1918 ni Hamisi wa watu wengine. Nilifurahi halafu nikajisikia vibaya kidogo maana na yeye kuna familia mahali fulani haijui kama jina la mzee wao lipo pale.

Shangazi: Mama Tuntu Mungu akubariki. Nimemwendea kama ulivyosema, akafungua sanduku mwenyewe. Ndani ya kitambaa cha kanga kuna nyota mbili za shaba zenye ncha sita na medali mbili za duara. Nyota moja utepe wake bado upo, katikati mwekundu mpana, pembeni bluu iliyokoza na ndani ya hiyo bluu kuna mstari wa rangi ya chungwa. Imeandikwa katikati BURMA. Nikageuza kila mahali kutafuta jina, hakuna. Hakuna jina kwenye kitu chochote. Nilivyomuuliza babu alikuwa na kaka akanyamaza kidogo akasema ndiyo, alikuwepo kaka yake mkubwa, alirudi kutoka jeshini akiwa anaumwa kifua akafa hata hakuoa. Nikamuuliza kwani yeye alienda vita gani, akasema "si vya Mhitila".

Mhitila ni Hitler jamani.

Mzee wa Medali

Umefanya kazi nzuri mno. Kuhusu nyota kutokuwa na jina, Waingereza vita vya pili nyota na medali hizo walizitoa bila kugonga majina kwa hiyo usiendelee kutafuta, hutapata. Lakini utepe uliouelezea ni wa Burma Star bila shaka yoyote. Ile nyota nyingine kama haina utepe soma tu maandishi ya katikati, ikiwa ni 1939-1945 Star basi ndo kawaida kwenda nayo pamoja, ikiwa ni Africa Star ina maana alipita Somalia au Ethiopia kabla, maana kampeni ile ya 1941 nayo ilihesabiwa humo.

Batalioni za Tanganyika zilizofika Burma na divisheni ya 11 ni 26 K.A.R. na 36 K.A.R., lakini pia kulikuwa na mizinga, madereva, hospitali, kwa hiyo kijana wa Tabora angeweza kuwa popote. Muulize shangazi kama pamoja na nyota kulikuwa na karatasi ya kuachishwa jeshi, wengine walipewa kitabu kidogo. Ikiwepo ndo itakupa namba.

Kwa hiyo mpaka sasa, na nasema mpaka sasa, tuliodhani ni watu wawili wanaobishana, Mjerumani na keya, ni mtu mmoja. Na tuliyedhani ni mtu mmoja, keya wa vita ya kwanza na keya wa Burma, ni baba na mtoto wake.

PTE isikusumbue ukikumbuka Shaushi. Kusajiliwa upya upande wa pili sio lazima urudishiwe cheo chako cha zamani.

Sukuma Mama

Mimi nasoma hapa tangu mwanzo nashangaa wote mmemruka Kulwa!

Kitukuu wewe ni Mnyamwezi, babu zako walikuambia Kulwa ni nani? Kulwa ni pacha wa kwanza. Kama mzee aliitwa Kulwa nyumbani basi kulikuwa na DOTO. Na pengine kuna Shija aliyewafuata. Hilo sio jina la kupewa tu kama Hamisi, huwezi kuwa Kulwa bila Doto.

Kwamba rejista imesema Kulwa na medali imesema Hamisi halinisumbui kabisa. Kwenye jeshi la Mjerumani vijana wengi wa bara walisilimu hukohuko, wakachukua jina na ubini wa Kiislamu, na huko ndo akawa Hamisi. Kijijini mama yake na shangazi zake waliendelea kumwita Kulwa. Siku babu yako anabatizwa padri au katekista kauliza baba yako nani, sasa inategemea nani alisimama pale kujibu. Kama ni bibi yake au mjomba atasema Kulwa. Nenda karudie ile rejista uangalie kama wadogo zake babu walibatizwa palepale, kila mmoja baba kaandikwaje, labda kuna mmoja ambaye aliandikwa majina yote mawili. Angalia na rejista ya ndoa ya babu, pale kijana anakuwa mtu mzima anajisemea mwenyewe jina la baba yake.

Kuhusu kijiji kisichojulikana, wazee wa huko si walihamishwa kwa ajili ya malale enzi za Mwingereza, miaka ya 20 na 30 huko, watu walikusanywa sehemu moja pori likaachwa. Halafu 1974 wakahamishwa tena kwenye vijiji vya ujamaa. Usitafute hicho kijiji kwenye ramani ya leo, tafuta wazee uwaulize jina la pori au la mto.

Ila kwanza kabisa nenda kwa bibi ukamuulize Doto yuko wapi. Na yale matanga aliyosema, yalikuwa ya nani. Wewe umeandika "ilishawekwa matanga nyumbani kwao", hukusema yalikuwa ya nani.

Mama Tuntu

Sukuma Mama umenisisimua mwili. Kweli kabisa, bibi hakusema ni ya Hamisi.

Kitukuu wa Unyanyembe

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nimuulize bibi uso kwa uso sio kwenye simu, masikio yake ya simu ni shida.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, nikakaa chini nikaanza kuchambua naye. Nikamwambia bibi, kwenye kitabu cha kanisa mkweo ameandikwa Kulwa. Akasema ndiyo, si Kulwa. Kama vile nimemwambia jua linatoka mashariki. Nikamwambia mbona hujawahi kuniambia, akasema hujawahi kuniuliza, wewe kila siku unaniuliza habari za askari.

Nikamuuliza Doto je.

Aliacha mchele. Akasema Doto yeye hakumkuta, yeye aliolewa pale Doto ameshaondoka zamani, ila mama mkwe wake alikuwa anamsimulia. Doto hakuwa askari. Wabelgiji walipoingia Tabora walichukua watu wa kubeba mizigo, Doto akachukuliwa njiani akitoka kwa wakwe zake, hakupewa hata nafasi ya kuaga, na hakurudi. Matanga yalikuwa yake. Kulwa aliporudi, miaka imepita tangu vita viishe, alikuta matanga ya ndugu yake yameshapita, na mama yao alipomwona kwa mbali anakuja alipiga kelele akidhani ni Doto. Bibi anasema mpaka anakufa yule mzee alikuwa akikutana na mtu kutoka upande wa Kongo anamuuliza habari za wapagazi.

Baba yangu hakuwahi kuniambia hili na nadhani hakulijua.

Vilevile nimepata jina la mto uliokuwa karibu na kijiji cha zamani, na bibi kanithibitishia walihamishwa kwa sababu ya malale babu akiwa mdogo anaweza kutembea mwenyewe. Rejista ya ndoa ya babu bado, parokia wameniambia nirudi paroko akiwepo.

Shangazi kapata kitabu kidogo cha jeshi, kurasa mbili zimeliwa na mchwa ila namba na jina vinasomeka. Jina ni la kaka yake babu, na jina la baba limeandikwa Hamisi. Sehemu ya kijiji wameandika jina la chifu tu.

Mzee wa Medali

Hicho kitabu kimefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Rejista ya kanisa inasema mtoto wa Kulwa, kitabu cha jeshi kinasema mtoto wa Hamisi, na hao watoto wawili familia nzima inajua ni ndugu wa tumbo moja. Ukiongeza na kauli ya bibi hapo umeshawaunganisha Kulwa na Hamisi kwa njia tatu tofauti, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemwiga mwenzake. Rejista ya ndoa ikija kusema vilevile ni nyongeza nzuri.

Kwa hatua za mbele, upande wa Mjerumani usiweke matumaini makubwa kwenye faili za Ujerumani zenyewe, nyaraka nyingi mno za jeshi lao ziliungua Potsdam Aprili 1945. Lakini Nyaraka za Taifa pale Dar, Upanga, zina mafaili ya utawala wa Mjerumani, yale ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia 1997. Ni mafaili ya ofisi zaidi kuliko ya askari mmoja mmoja, na mengi ni mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi kirahisi. Palepale uliza vitabu vya wilaya ya Tabora vya enzi za Mwingereza, vina historia za machifu na maeneo, jina la chifu ulilopata litakusaidia kujua walitokea wapi kabla ya malale.

Kule Kew London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, kuna shajara za vita za vikosi vya Afrika Mashariki, kundi la WO 95, na 6 K.A.R. ni kati ya za kutafuta humo. Zinataja maafisa Wazungu kwa majina na askari kwa idadi, kwa hiyo usizisome ukitegemea kumkuta Hamisi. Zisome kujua batalioni ilikuwa wapi tarehe gani. Anza 1917 uende mpaka Novemba 1918, von Lettow, kamanda wa Wajerumani, aliposalimisha jeshi lake Abercorn, leo Mbala, Zambia.

Mutua wa Masaku

Pole kwa habari ya Doto. Hiyo ndiyo hadithi ya watu wetu wengi sana.

Kwa Wabelgiji, jeshi lao liliitwa Force Publique, na mafaili ya koloni lao yako Brussels, kwa Kifaransa. Sitaki kukupa matumaini kwamba utapata jina la mpagazi mmoja aliyeshikwa njiani. Lakini ukijua walitoka Tabora mwezi gani na walielekea wapi utajua njia ambayo Doto alipita. Mimi kwa babu yangu ndivyo nilifanya, sikupata kaburi, nilipata njia.

Na tafadhali rekodi bibi kwa sauti. Sio kuandika tu, sauti yake, na umuache aongee kwa Kinyamwezi bila kumkatiza hata kama wewe huelewi yote. Wakati anaeleza kwa Kiswahili kuna vitu ataruka.

Kitukuu wa Unyanyembe

Bibi nimesharekodi na wiki ijayo naenda tena na binamu yangu anayeongea Kinyamwezi vizuri kuliko mimi, tutamwanzia kwa Shija maana Sukuma Mama alikuwa sahihi, alikuwepo na ni mwanamke, na inaonekana ndiye aliyebaki nyumbani na mama yao miaka yote ya vita.

Shangazi amekubali nyota zikae pamoja na medali ya duara kwenye boksi moja, tumeandika karatasi ya nani ni nani na ameweka sahihi yake. Nimeandika majina matatu: Kulwa aitwaye Hamisi, mtoto wake wa Burma, na Doto. Kwa Doto nimeandika alichukuliwa Tabora na Wabelgiji, 1916 au baada ya hapo, mpagazi, kwa kauli ya bibi.

Baba mdogo yupo Dar ameniambia atapita Upanga kuulizia masharti ya kuona hivyo vitabu vya wilaya. Kama kuna mtu humu anaweza kusoma ule mwandiko wa zamani wa Kijerumani, au anayesoma Kifaransa na ameshawahi kuandikia Brussels, naomba anitafute inbox.